Ukingo Uliofungwa kwa Bendeji

Machi 9

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio umevurugika. Naandika kwenye karatasi kwa sababu wakili wa hospitali amekataza kabisa kuzungumzia jambo hili kwenye simu.

Ni habari ya jirani yetu Fundi Saa, uliyemwambia mwenyewe, "Nenda hospitali kwa binti yangu, utatunzwa." Kwamba alianguka kitandani wodini kwangu, akagonga kichwa, akafa, mmeshasikia. Yaliyotangulia hamjayasikia. Kitanda chake kilikuwa na ukingo mbovu, kile chuma cha pembeni kinachomzuia mgonjwa asidondoke. Nilikwisha kulalamika kwa wakubwa mpaka mdomo ukachoka, na vitanda vingine vilijaa. Nikaufunga ukingo kwa bendeji, kama tufanyavyo wauguzi wote hapa, nikaenda kwa wagonjwa wengine maana nilikuwa peke yangu. Akataka kwenda chooni, hakutaka kunisumbua. Fundo likaachia.

Sasa wakili anasema bendeji ndiyo itakayoniponza: kuifunga ni kukiri nilijua kitanda ni kibovu na bado nikamlaza. Jamani! Nisingegusa kitu, lawama ingekuwa ya hospitali. Mwezi ujao naitwa mbele ya baraza la wauguzi, na leseni yangu iko mashakani.

Kwa hiyo nakuomba, mama, usiende kwa mjane wake. Ukitoa pole kwa niaba yangu, mawakili wao watasema tumekiri kosa.

Mwanao,
Kitindamimba

Machi 15

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yanalia kuliko mlango. Unakula? Usinidanganye.

Huyo wakili wako ana majirani kweli? Mimi na mke wa Fundi tumeanika nguo kamba moja tangu wewe hujazaliwa, leo nipite mlangoni kwake nimeinamisha kichwa kama mwizi? Nimejaribu, mwanangu. Nimeanua hata nguo mbichi nisikutane naye. Jana uzalendo ukanishinda. Nikaenda, nikakaa, nikaubana mdomo.

Akaniangalia weee, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Alikufa peke yake?" Hakuuliza ukingo, hakuuliza nani alaumiwe. Nikabaki natazama sakafu. Akasema, "Haya, nenda." Sijawahi kuona aibu kama ile. Nimjibu nini?

Mama yako

Machi 22

Mama,

Shikamoo. Nakula, ila chakula hakishuki. Sikukasirika uliposema umekwenda. Nililia tu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ni ya mke wa Fundi. Nimemweleza ukweli. Hakufa peke yake. Nilimkuta sakafuni, nikakiweka kichwa chake mapajani, nikakaa naye mpaka mwisho. Alidhani mimi ni mkewe. Akaniambia nisisahau kuijaza ufunguo saa ya ukutani, nikamwitikia, "Nimeshaijaza." Bendeji nimemwandikia niliifunga mimi, na ile pole niliyokatazwa nimeitoa.

Najua karatasi hiyo inaweza kufika kwa mawakili wao, na wakili wetu akijua atanitupa mkono. Mpe tu. Kuna usiku gani atalala bila kujua?

Mwanao,
Kitindamimba

Aprili 2

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, namshukuru Mungu.

Sijampa. Ngoja kwanza, usinipigie kelele. Nilivuka uani na karatasi yako mkononi, nikafika mpaka mlangoni kwake, nikageuza. Nimekusomesha kwa jasho langu, halafu nikupeleke mwenyewe wakakunyang'anye kazi? Siwezi. Iko kabatini chini ya mashuka.

Saa yao haigongi tena. Zamani tuliisikia mpaka kwetu. Sasa nikiamka natega sikio, kimya, najua hakuna aliyeijaza, na anayejua aliyoyasema mumewe ni mimi. Roho inaniuma sana. Nichukie ukitaka, mradi uwe na kazi. Mke wa Fundi anasema atakuja kwenye hilo baraza lenu. Nyamaza kama wakili alivyokwambia.

Mama yako

Aprili 17

Mama,

Shikamoo. Usihangaike na magoti, kaa chini usome.

Baraza limekaa. Wakili alinifundisha kila kitu nijibu "sikumbuki." Mke wa Fundi akaruhusiwa kuuliza swali moja, akauliza lile lile. Wakili akanifinya chini ya meza. Nikajibu yote, la bendeji na la saa. Akajifunika uso, akalia, na mimi nikalia mbele ya wakubwa wote wale.

Leseni wameichukua. Hospitali imesema haihusiki, ukingo nilifunga mimi kwa hiari yangu. Nimeshavua sare, nimeiacha imekunjwa. Naogopa, mama, sijui nitafanya nini.

Kule nje mke wa Fundi alinishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza, "Mwanangu, wiki zote hizi, hata mstari mmoja hukuweza kuniandikia?"

Nikamwambia niliandika, labda barua imekwama njiani.

Anarudi kesho kutwa. Itoe kabatini, inyooshe mikunjo, umpelekee. Mwambie imefika leo.

Mwanao,
Kitindamimba