Vipimo vya Binti Mfalme wa Radi

Jumanne, 3 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wako je, bado unakuuma ukikaa sana kwenye cherehani? Sisi huku wazima, ila mimi sina raha, na sababu utaijua sasa hivi.

Najua simu zangu hupokei. Mwaka wa tatu huu. Ndiyo maana nimeandika barua na kumpa kondakta wa basi la asubuhi akufikishie mpaka dukani kwako, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua. Kama bado amesimama hapo, mwambie aende zake.

Dada, nimekwama. Ni huyu mwanangu, Chiriku. Jumamosi ya tarehe kumi na nne kuna mashindano ya watoto kwenye ukumbi wa maktaba, ya kuvaa kama wahusika wa hadithi. Sharti ni moja: kila kitu kishonwe nyumbani, cha kukodi hakiruhusiwi. Chiriku anataka kuwa Binti Mfalme wa Radi. Usijisumbue kumtafuta vitabuni, kamtunga mwenyewe. Anaishi juu ya mawingu, ngurumo zote ni mali yake, lakini mwenyewe anaogopa kelele. Kamchora kwenye daftari la hesabu: gauni hadi sakafuni, mabega mapana, taji kama manyoya ya kuku aliyeshtuka.

Mama yake yuko masomoni mpaka mwisho wa mwezi. Nikasema si kitu, tutapata tu namna. Kumbe Chiriku keshatangaza darasa zima kwamba gauni lake linashonwa na shangazi yake, fundi wa magauni ya maharusi! Nimemuuliza kwa nini kasema uongo. Kanijibu, "Si uongo, baba. Ni bado tu."

Zimebaki siku kumi na moja. Mimi najua makochi, magodoro na viti vya saluni. Gauni sijawahi. Nishonee, dada, nakuomba. Yale ya kiti tuyaweke kando kwanza, ule ulikuwa msumari mmoja tu.

Mdogo wako


Jumatano, 4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, ahsante kwa kuuliza baada ya miaka mitatu. Shemeji yako mzima na anakusalimu. Yeye hana kinyongo na mtu, ndivyo alivyoumbwa. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Msumari mmoja tu." Hebu nikukumbushe, maana naona umesahau. Gauni la harusi yangu nililishona miezi sita, shanga moja moja, kwa mkono. Wewe ukajitia kunitengenezea kiti cha bibi harusi. Nikaambiwa nisimame nipigwe picha, nikasimama, mkia wa gauni ukabaki kitini. Khaaraa! Ukumbi mzima ulisikia. Na aliyecheka wa kwanza, tena kwa sauti kuliko wote, ni wewe. Kuchanika nilikwisha kusamehe, misumari huchomoza. Ni kile kicheko. Na mpaka leo hujasema hata nusu ya samahani.

Sasa sikia. Jumamosi hiyo hiyo nina harusi, na wasimamizi sita wote wananisubiri mimi. Kwa hiyo sishoni. Mkono wangu hautaigusa nguo hiyo. Lakini Chiriku hajanikosea kitu, na sitaki mtoto aumbuke kwa sababu ya kujivunia shangazi yake. Utashona wewe, mimi nitakuelekeza kwa barua. Niliapa sitaongea nawe kwenye simu, barua sikuziapia.

Mpime mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kutoka kiunoni hadi sakafuni. Niandikie vipimo vyote nivione. Kisha kata kwanza magazeti ya zamani, uyabane kwa pini, mtoto ayavae. Kitambaa baadaye. Mshono uwe wa uzi. Ukinitajia gundi tu, barua ndiyo basi.

Dada yako


Ijumaa, 6 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Mgongo je? Mwambie shemeji salamu zimefika.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kicheko nimeyasikia. Ngoja kwanza nikupe habari njema, maana mambo yamenyooka mpaka najishangaa.

Kitambaa nimekipata bure. Yule mama mwenye saluni aliagiza viti vya mahameli ya bluu iliyokolea, vikiwa tayari akabaki na kipande kikubwa, akasema chukua. Dada, kinang'aa! Taji nimelitengeneza kwa springi za kochi lililokufa, nimezinyoosha ncha zikasimama juu. Chiriku akitikisa kichwa, zinalia ting ting ting. Amefurahi sana, halafu akakumbuka binti mfalme wake anaogopa kelele, akaanza kutembea polepole kama aliyebeba mayai.

Vipimo hivi hapa: mabega 34, kifua 70, kiuno 60, mkono 50, kiuno hadi sakafuni 61. Nimepima mara tatu. Unajua mtoto mwenyewe alivyo, hatulii hata dakika, ila nilimkalisha kwenye stuli akatulia tuli. Magazeti yamemkaa vizuri sana hapo hapo kwenye stuli, kwa hiyo sikutaka kukusumbua tena. Nimekata kitambaa jana jioni. Mwili umeshaungwa, na chini nimezungusha sketi ya mita tatu, marinda yake hata wewe ungesema hewala. Cherehani yangu ya makochi imekula mahameli kama karatasi.

Gundi sijaigusa. Niliitazama tu.

Mdogo wako, fundi gauni


Jumamosi, 7 Juni, asubuhi

HARAKA. Kondakta, usikae na barua hii!

Wewe, mtoto wa miaka kumi na moja gani ana sentimita 61 kutoka kiunoni hadi sakafuni? Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ananifika kifuani, na hiyo ni miaka mitatu nyuma. Umempima amekaa! Umempima mwanao kama kochi! Nimesoma neno "stuli" nikapiga kelele mpaka mteja akajichoma pini.

Kama hujakunja pindo, acha hapo hapo. Msimamishe mtoto, mvue viatu, pima upya.

Dada yako, sina nguvu


Jumapili, 8 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui hata nianze vipi.

Barua yako imenikuta gauni limeisha. Ndiyo, nilimpima amekaa. Miaka yote hii mimi napima vitu vilivyokaa, dada. Kiti hakisimami. Nilishika futi, nikamzunguka kama ninavyozunguka kiti, na wala haikunijia kwamba nguo ya mtu huvaliwa na miguu.

Jana alilivaa karakana. Akiwa kwenye stuli, malkia mtupu. Pindo limegusa sakafu ubavuni, mabega yamesimama, taji linalia. Nikamwambia haya, simama tukuone. Akasimama, na sketi ikapanda naye. Miundi yote nje, na soksi zake za shule. Imepungua sentimita ishirini na tisa, nimepima, safari hii vizuri. Kitambaa kimekwisha, na dukani mahameli ya rangi ile hawana.

Mwenzangu wa karakana, yule fundi wa rangi, akaangua kicheko. Si mtu mbaya, anacheka kila kitu. Lakini nilimtazama Chiriku usoni. Hakulia pale pale. Alishika sketi kwa mikono miwili, akaivuta chini, akaivuta tena, kama vile ingerefuka akiiomba. Ndipo akalia. Nilitaka kumrushia yule bwana nyundo. Halafu nikakukumbuka wewe ukumbini, umeshika mkia wa gauni lako hivyo hivyo, kwa mikono miwili, na mimi nacheka.

Dada, samahani. Msumari ulikuwa wangu na kicheko kilikuwa changu. Nilicheka kwa sababu niliona haya, kile kiti nilikuwa nimekisifu kwa kila mtu. Baadaye niliona ni kazi kubwa kusema, siku zikapita, ikawa miaka. Nisamehe. Sisemi ili unisaidie gauni, gauni limeshaharibika.

Nimemwambia Chiriku nitamtengenezea kiti cha enzi chenye magurudumu, nimsukume jukwaani amekaa. Kaniangalia hivi, akasema, "Baba, radi haikai." Anasema kesho atawaambia wenzake ukweli, kwamba shangazi hakushona. Nimemwomba angoje kidogo. Sijui nangoja nini.

Mdogo wako


Jumanne, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Kondakta anasema alikukabidhi barua mkononi jana asubuhi. Jana kimya, leo kimya. Kama umekasirika upya, una haki. Niandikie hata neno moja nijue mzima.

Kiti nimeshakianza hata hivyo. Mikono yangu haijui kukaa bure.

Mdogo wako


Jumatano, 11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya juzi. Mimi mzima. Sikukasirika. Nilikaa na barua yako siku mbili, nikiisoma kila nikimaliza gauni moja. Yamebaki mawili. Shemeji yako alinikuta nalia juu ya mahameli ya watu, akaninyang'anya mkasi.

Nimekusamehe. Naandika mara moja tu, usije ukaniomba nirudie.

Sasa fungua mfuko alioubeba kondakta. Ndani kuna kipande cha satini nyeupe, mita tatu kwa sentimita thelathini na tatu. Umekitambua? Ni mkia wa gauni langu. Ulikuwa sandukuni tangu siku ile, nauhamisha tu kila nikifagia, siutupi, siutengenezi. Jana nimeutoa, nimeupasi, nimeukata.

Ule mpasuko sikuuficha. Utazame vizuri: umepinda huku, ukapinda kule, ukapinda tena. Nimeushona juu kwa uzi wa fedha, kila kona. Huo uwe mbele kabisa, watu wauone. Na ule weupe chini ya bluu ni mawingu. Si uliandika mwenyewe kwamba anaishi juu ya mawingu?

Unga kipande hiki na pindo la chini, upande mzuri kwa upande mzuri, sentimita mbili za mshono juu na mbili chini, ubane kwa pini nyingi kabla hujakaribia cherehani. Tumia sindano nyembamba, ile yako ya makochi itaitoboa satini kama chujio. Sindano nimekuwekea ndani ya karatasi. Na mtoto ASIMAME wakati wa kukunja pindo. Asimame!

Nilisema mkono wangu hautagusa. Basi umegusa. Mwambie Chiriku hakusema uongo, ilikuwa bado tu.

Dada yako


Jumapili, 15 Juni

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya Chiriku ambaye amenisimamia hapa begani kuhakikisha sipunguzi wala siongezi. Mgongo haujambo? Wasimamizi sita walitoka salama?

Tuliunga Alhamisi. Nilibana pini arobaini na tatu. Chiriku alisimama juu ya meza muda wote nikikunja pindo, kila nikimaliza upande ananiuliza, "Baba, bado nimesimama?" Ijumaa mchana tukawa tumemaliza. Yule fundi wa rangi alikuja kulitazama, akavua kofia. Hakucheka.

Jana ukumbi ulijaa. Chiriku alikuwa wa kumi na mbili. Alipotoka, ile radi ya fedha ikashika mwanga wa taa, na watu wakasema "aah" kwa pamoja, nimesikia kwa masikio yangu. Akatembea mpaka katikati, taji likalia ting, akashtuka kama aliyesikia ngurumo, akaziba masikio. Ukumbi ukavunjika mbavu. Safari hii alitaka wacheke, dada. Alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima bila kuniambia.

Mwendeshaji akamshikia kipaza sauti akamuuliza gauni kashona nani. Nikajua sasa ndiyo naumbuka. Akasema, "Baba kashona la kukaa, shangazi akaongeza la kusimama." Wenzake wa darasani walikuwa safu ya tatu, wakapiga makofi mpaka wakaambiwa basi.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyekuja kama sanduku la hazina, sanduku linafunguka na kufungwa, alistahili. Chiriku kawa wa pili. Amepewa daftari kubwa la kuchorea na kashaanza: Binti Mfalme wa Radi sasa ana shangazi, anakaa kwenye wingu la jirani, anashona mvua.

Kile kiti cha enzi nimekimaliza. Hakuna aliyekikalia. Nimekificha chini ya shuka kwenye kona ya karakana, mteja akiuliza namwambia kina mwenyewe. Dada, njoo tukuone. Picha nimeziweka ndani ya bahasha.

Mdogo wako


Jumanne, 17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba wewe, na marahaba kubwa kwa Chiriku. Mgongo umepona ghafla, sijui kwa nini. Picha moja nimeibandika dukani mbele ya kioo. Maharusi watatu wameuliza kama naweza kuwawekea radi.

Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi, na shemeji yako. Usipige simu, barua zako nimezizoea.

Nikifika sitaki makuu. Kifunue hicho kiti, kiweke katikati ya karakana, Chiriku awepo. Nitakuwa nimevaa gauni langu jipya. Kwanza nitakipapasa kwa kiganja, mbele, nyuma na chini, kila msumari, na wewe utasimama pembeni usiseme neno. Kisha nitakikalia mpaka nitosheke.

Halafu nitasimama. Ukisikia khaaraa, ningoje, tucheke pamoja.

Dada yako