Mama Waringa na Simba Sabini na Mmoja

Mama Waringa, leo umetimia mwaka mzima tangu utuache, na bado watu wanapiga simu yako kuuliza dawa ya kuku. Simu ninayo mimi. Nawaambia wewe ulishapumzika, wananipa pole, halafu wanauliza tena dawa ya kuku. Huwa nawaambia wachukue ile ya chupa ya kijani, kwa sababu ndiyo pekee niliyoijua katika miaka thelathini ya kukaa nawe dukani. Mpaka sasa hakuna kuku aliyelalamika.

Mwanetu Waringa ameniambia tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe, mstari wa Biblia, basi. Nimemwambia aniachie nafasi. Wewe hukuwa mtu wa maneno mafupi, isipokuwa siku moja tu mbele ya fomu, na hiyo nitaisema.

Ulikuja Sotik ukiwa Wamuyu, binti wa mzee Kinyua wa Nyeri, na mali yetu ilikuwa godoro moja na katoni sita za dawa za mifugo. Ukajifunza Kikipsigis kabla mimi sijamaliza kujifunza salamu. Ukafungua duka, na wateja wakaja kutoka Bomet na kutoka upande wa Kisii, maana hukuwahi kumuuzia mtu dawa bila kumuuliza kwanza ng'ombe wake anaitwa nani na amelalaje. Ulikuwa ukipima dawa huku ukiimba wimbo wa kanisa, na ukikosea kipimo unarudia ubeti. Miwani ulikuwa unaitafuta ikiwa kichwani. Mimi nilikuwa nakuona na ninanyamaza. Nisamehe.

Sasa niseme la Simba.

Miaka sita iliyopita mbwa wetu Simba alizaa watoto wanne nyuma ya ghala. Ni jike, ndiyo, na anaitwa Simba, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuona ajabu. Chepchumba, binti wa jirani zetu Aron na Fancy, alikuwa na miaka minane. Alitumwa kwetu kuleta maziwa, akasikia vile vitoto vikilia, akainama akakiinua kimoja. Simba akamuuma mkono na paja.

Ulimbeba mpaka kwenye mfereji wa bomba ukamwosha kwa sabuni na maji mengi, huku unalia kuliko yeye. Kisha mkapanda pikipiki pamoja na Fancy kwenda hospitali. Mliporudi, Aron alikuwa amesimama langoni na panga.

"Mama Waringa, hiyo mbwa namaliza leo."

"Aron, daktari amesema tumfunge siku kumi tumwangalie. Tukimuua leo hatutajua kama ana kichaa."

"Kwani haijadungwa chanjo?"

Duka zima la dawa, Mama Waringa. Ng'ombe wa Sotik nzima walikuwa wamechanjwa kwa sababu yako. Ukamwangalia usoni.

"Hajachanjwa. Ni kosa langu."



Simba alifungwa siku kumi na akala chakula cha siku ishirini. Hakuwa na ugonjwa wowote. Siku ya kumi na moja Aron akaja, akamtazama, akasema, "Wacha ikae." Chepchumba alidungwa sindano zake zote tano, na mara zote tano ulikuwa umemshika mkono ule mzima. Baada ya kila sindano alichagua cha kula, na alikuwa anachagua kwa makini sana. Vidonda vikapona.

Lakini mtoto hakupita tena mbele ya lango letu. Njia ya shule ni hapo hapo mbele yetu, dakika kumi tu. Yeye akawa anazunguka kwenye shamba la majani chai la Nyamweya, kule chini, anafika shuleni sketi imelowa umande mpaka magotini. Ulikuwa unamwona kupitia dirisha la jikoni kila asubuhi, na chai yako inapoa. Mwishowe ukaenda kwa Fancy kuuliza.

"Mama Waringa, si hasira," Fancy akakwambia. "Hasira iliisha kitambo. Mtoto anaogopa tu. Akisikia Simba yenu ikilia, anatetemeka. Sasa mimi nitamlazimisha aje?"

Ulirudi nyumbani ukakaa kwenye kiti changu, ukasema, "Muchiri, nataka huyu mtoto apite hapa bila kuogopa." Ulichotaka ni hicho tu. Mengine yote watu wanayokusifia, uliyafanya ukitafuta hicho.

Waringa ndiye aliyeona kwenye simu kwamba kuna shirika moja la ng'ambo linalotoa misaada kwa miradi ya kijamii inayowafaidi mbwa na watu pamoja. Wewe hukuamini kwamba kuna mtu duniani amekaa ofisini kwa kazi hiyo. Fomu ikaja. Swali la kwanza: mradi utawafaidi mbwa vipi? Ukaandika: "Hawatapata kichaa." Swali la pili: utawafaidi watu vipi? Ukaandika: "Hawataumwa." Waringa akakwambia, mama, wameacha ukurasa mzima wa kujaza. Ukamwambia jibu limetosha na karatasi iliyobaki wawaandikie wengine.

Ila walitaka pia orodha ya mbwa, kila mbwa na jina lake. Ukazunguka boma kwa boma wiki tatu, daftari mkononi. Mbwa mia moja themanini na sita. Ulituma ukiwa na fahari sana. Baada ya mwezi shirika likajibu kwa heshima kwamba ombi limesimamishwa, kwa kuwa inaonekana mbwa mmoja ameandikwa mara nyingi. Kwenye orodha yako walikuwepo Simba sabini na mmoja, Popi arobaini, Tomi ishirini na wanane, na waliobaki karibu wote ni Bobi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Uliwaza sketi yenye umande. Ukaniambia nitoe wazo, nikasema tuwape majina mapya, tuchukue hata ya watu. Mzee mmoja wa Kipsigis aliyekuwa dukani akaniambia taratibu kwamba nikimwita mbwa Kipkemoi nihame kesho. Kipkemoi mwenyewe, karani wa kituo chetu cha kupimia majani chai, alikuwa hapo nyuma yake akinunua chumvi ya ng'ombe. Alilipa akatoka bila kuniaga.

Ndipo ukawaandikia, "Njooni mwone." Wakamtuma dada anaitwa Dorine kutoka Nairobi.

Ulimpangia aje siku ya kupeleka majani, kwa sababu hapo kituoni kila boma huja na gunia, na kila gunia hufuatwa na mbwa. Dorine akakuta wakulima wamepanga foleni na mbwa wamelala kila mahali, chini ya meza, juu ya magunia, katikati ya barabara. Akakuuliza kwa upole hao Simba sabini wako wapi. Ukapanda kwenye jukwaa la kupimia majani, na kilemba chako cha kanisani, ukapaza sauti: "Simba!"

Mama Waringa, nusu ya kituo ilisimama. Wengine walikuja mbio wakitikisa mkia. Mmoja alitoka ndani ya lori la kiwanda ambamo hakuna aliyejua aliingia lini. Ukangoja watulie, ukaita "Popi!" wakainuka wengine. Dorine alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa ile orodha yenyewe. Akauliza tutawatofautishaje. Kipkemoi, ambaye bado alikuwa na neno na mimi, akasema kama ni kitu rahisi: "Si kila mtu ako na namba yake ya mkulima hapa? Mbwa ipewe namba ya mwenyewe." Tangu siku hiyo mbwa wa kwetu wana namba za chai. Msaada ukatoka: chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo kwa kila mbwa.

Kulikuwa na shida moja. Dawa ya minyoo hupimwa kwa kilo, na ukamwomba Kipkemoi mizani.

"Hii ni ya majani, mama. Kiwandani wakisikia nimeninginiza mbwa hapa, mimi kazi nimemaliza."

Kwa hiyo ukaleta mizani yetu ya bafuni, ile unayosimama juu yake. Mtu asimame akiwa amemkumbatia mbwa, kisha kilo za mtu zitolewe. Nikadhani utasimama wewe. Ukaniangalia. Ukasema kilo zako ni siri ya ndoa. Basi mimi, mtu ambaye sikuwahi kumgusa mbwa kwa hiari, nikakumbatia mbwa mia moja themanini na sita kwa siku mbili, na Kipkemoi akatangaza kwa sauti kubwa, mbele ya wakulima wote: "Muchiri tisini na moja!" Foleni nzima ikafanya hesabu ya kutoa. Mpaka leo nikipita sokoni Kaplong kuna watu wananisalimu kwa kilo zangu. Na nilizipunguza, ujue.

Tukafanya hivyo kila mwaka. Mwalimu Syprose wa shule yetu akaanza kuwafundisha watoto kwamba mbwa mwenye watoto haguswi, na mbwa anayekula haguswi. Walioumwa wakapungua, na aliyeumwa tulimlipia nauli ya kwenda kudungwa. Watu wakakusifu kanisani, ukawa unaona haya.

Lakini mimi nilikuwa nakujua. Kila mwaka siku ya chanjo ulikuwa unatafuta kwa macho kwenye foleni. Fancy alikuja, Aron alikuja na mbwa wao. Chepchumba alibaki nyumbani. Nilikwambia umwite. Ukakataa. Ukasema ukimwita atakuja kwa heshima tu huku moyo unamdunda, na hilo si lile ulilotaka. Asubuhi ukarudi dirishani. Miaka mitano yote hiyo.

Mwaka jana presha ikakuchukua kwa siku mbili, wiki tano kabla ya chanjo. Tulikuzika, na siku ya chanjo ikapita bila mtu kuitaja. Baadaye Dorine akapiga simu, akalia kwanza, kisha akasema shirika linauliza kama kazi inaendelea na ni nani ataishika. Nikamwambia ukweli. Mimi najua kushika mbwa, sijui kingine. Nikakata simu nikijua kazi imekwisha. Nilikaa dukani siku hiyo nikiwa na hasira na wewe, kwa kuondoka na kila kitu kichwani.

Fancy akaja jioni, akasimama kaunta. "Baba Waringa, nimesikia. Hiyo kazi nitashika mimi. Mama Waringa alibeba mtoto wangu, sindano tano. Wewe utasimama kwa mizani."

"Kilo zangu zimepanda, Fancy."

"Tutatoa."

Akasema atahitaji lile daftari lako la namba, atamtuma mtu alichukue.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa jikoni nimesimama mahali pako na chai yenye tangawizi nyingi mno, maana bado sijui kiasi. Simba amezeeka sasa, hafungwi tena. Alikuwa amelala katikati ya lango kama gunia, kama kawaida yake. Nikaona sketi ya shule inakuja kwa njia ya juu. Nikadhani ni mtoto wa mtu mwingine. Ni mrefu sasa, Mama Waringa, ana miaka kumi na nne. Akafika langoni, akasimama. Akarudi hatua moja nyuma, nilimwona kutoka dirishani, na sikutoka. Ulinifundisha nisitoke.

Kisha akasema, "Simba. Songa."

Simba akafungua jicho moja, akainuka polepole na mifupa yake ya uzee, akasonga. Chepchumba akaingia. Akagonga mlango akasema, "Chamgei, baba. Mama amenituma daftari." Nikamjibu salamu, mojawapo ya zile ninazozijua, nikamkabidhi. Alipotoka Simba alikuwa amerudi kulala pale pale. Akamwambia tena asonge, na mara hii mtoto hakungoja ainuke.

Nilikaa kwenye kiti changu nikalia kwa sauti, kwa sababu hukuwa dirishani.

Tunakukumbuka mimi mumeo Muchiri. Wanao Waringa na Ryan. Mkaza mwanao Wanjiru. Ndugu zako wa ukoo wa Kinyua, Nyeri. Na Aron, Fancy na Chepchumba, ambao wameomba waandikwe hapa miongoni mwa familia, nasi tukaona ndipo pao.

Hatutachoka kukukumbuka. Na ile njia ya mbele ya lango, Mama Waringa, kila siku ya shule anapita.