Sikio la Nasieku

Karatu, Jumatano, 12 Juni

Shikamoo Shangazi,

Leo nakueleza yote, hata yanayoniaibisha. Huku ukungu hautoki mpaka saa nne. Kwenye mafunzo haya ya muziki tunavaa hedifoni, kompyuta inatupigia sote noti mbili zilezile, nasi tunabonyeza jibu: do na mi, au do na so. Mimi sikuweza kuzitofautisha. Kwenye kwaya ya nyumbani nilikuwa nafuata sauti yako tu, nawe hukujua.

Darasani ninakaa karibu na Nasieku, msichana kutoka kijiji cha Enguserosambu. Akishavaa hedifoni huimba jibu kwa sauti ya chini bila kujijua. Nikaacha sikio langu moja wazi, nikawa nabonyeza anachoimba. Yeye hajazoea kompyuta, hivyo muda ulimwishia kila mara kabla hajabonyeza. Mwalimu akatangaza, "Theresia amepata zote! Nasieku, jifunze kwa mwenzako." Wakanipigia makofi, na Jumapili mimi ndiye nitakayeongoza sauti ya pili kanisani.

Jioni nikamwambia Nasieku kwamba huwa anaimba. Kabla sijamaliza akajishika mdomo. "Yesu wangu! Samahani dada, kumbe nilikuwa nakusumbua?" Nikashindwa kuendelea.

Jirani yetu Mama Paulo atakuletea kadi hii Buger kesho, na Ijumaa anarudi huku sokoni. Mungu akutunze, Shangazi. Bado natamani kujifunza kusikia kweli. Mpe Mama Paulo jibu lako: nimfuate mwalimu ofisini peke yangu, au nisimame niseme mbele ya wote walionipigia makofi?