Kwa Mjomba Aliyetafsiri Damu ya Mawese

Mjomba wangu uliyeko Makere,

Najua ungependa nianze na salamu, niulize hali ya muhogo, ya mkeo Mama Neema na ya watoto, ndipo taratibu nifike kwenye shida. Nikianza hivyo sitafika. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijawahi kukuambia usoni: zile filamu zako zilikuwa takataka.

Sisemi kwa hasira. Nasema kama mtu aliyeziangalia nyingi mno, kila likizo tangu ulipofungua kile kibanda umiza chako cha kuonyeshea filamu Kibondo mwaka 2012, nimebanwa kwenye benchi la pili, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Filamu za kutisha za Wazungu ambao nadhani hata kwao hakuna anayewajua. Jitu limeshonwa kwa sponji ya godoro. Mtu anakatwa kichwa, ukitazama vizuri shingo ni karatasi na gundi. Waya unaovuta popo unaonekana. Na damu ndiyo usiseme. Inaruka mpaka darini, nyepesi, ina rangi ya machungwa kwa mbali, mawese matupu. Sufuria ya maharage ya mama ilikuwa inatisha kuliko filamu zako zote.

Kulikuwa na ile ya nywele za saluni zilizojikusanya usiku zikawa mnyama, akaanza kunyoa watu mpaka fuvu. Kulikuwa na ile ya timu ya mpira iliyofufuka makaburini kuja kumalizia mechi, kipa anadaka mpira kwa utumbo wake mwenyewe. Na watu wazima, watu wenye akili zao, waliotoka Kumsenga alfajiri na baiskeli kuja gulioni, wanaacha maharage yao chini ya turubai wanakuja kumshangilia kipa aliyetoka utumbo.

Nilikudharau, Mjomba. Nilizidharau filamu, nikawadharau waliozicheka, na wewe uliyewachekesha nikakudharau kuliko wote. Barua hii namtumia Mama Neema aisome kwa sauti mbele ya watu wa huko, maana nilichokufanyia nilikufanyia mbele ya watu. Uliacha kutafsiri kwa sababu yangu. Mpaka leo wakikuomba unakataa. Nataka ujue, na wao wajue, kwamba unakataa kwa sababu ya uongo.

Wa Makere hawajakuona ukifanya kazi, basi niwaeleze. Filamu ni za Kiingereza, na wewe shule uliishia darasa la saba. Asubuhi ya gulio ulikuwa unajifungia bandani peke yako na kikombe cha uji, unaitazama filamu nzima umezima sauti. Ulisema sauti inakuchanganya, wewe unatafuta sura. Siku moja nilikuletea mihogo ya kuchemsha nikakukuta unacheka mwenyewe.

"Huyu," ukaniambia, ukimnyooshea kidole daktari mmoja mwenye koleo la damu, "huyu ni Bwana Afya. Hebu mwangalie anavyotembea. Amekuja kukagua vyoo huyu."

Mchana watu walipojaa ukasimama pembeni ya tivii na ile maiki yako iliyofungwa kwa nailoni, ukamtangaza Bwana Afya, na banda likaangua kicheko hata hajamgusa mtu. Mazombi uliwaita misukule, na kila mmoja ulimpa shamba alikotoroka. "Huyu katoka Kasanda! Kalimishwa mwaka mzima, hajapewa hata ugali! Sasa nyie mnashangaa nini akimtafuna mtu?" Mtoto akilia unasimamisha picha. "Mama, toka naye nje umnyonyeshe. Hatuui mtu mpaka urudi." Na kweli, watu wote tulikaa tukiangalia shoka limening'inia hewani, tunamsubiri mama wa mtoto.

Kuna bibi mmoja, mama yake fundi baiskeli, alikuwa hakosi mbele. Nilijikaza siku moja nikamuuliza anapenda nini pale.

"Hawa wanainuka, mjukuu wangu," akasema. "Anakatwa, anaanguka, halafu anainuka anatafuta mkono wake. Wa kwetu ukishamfunika shuka, basi."

Nikaona ni ushamba. Niliporudi nyumbani nikaandika kwenye daftari, kwa Kiingereza, kwamba watu wa kwetu hawajui kutofautisha kitu kizuri na kibaya. Niliandika kwa Kiingereza ili nijione naongea na watu wengine, watu wa maana.

Kiingereza chenyewe sasa. Nyumbani mlijua mwenzenu nasoma sekondari Kasulu, bweni, kwa hiyo nakiongea kama maji. Hamkujua kwamba shuleni kwetu ukinaswa unaongea Kiswahili unavikwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Wengine walijitahidi kuongea Kiingereza kibovu wakachekwa, wakazoea. Mimi nikapata dawa yangu: nikanyamaza. Nilinyamaza kwa Kiswahili, nikanyamaza kwa Kiingereza, miaka miwili. Mtihani wa kuandika nafaulu vizuri, maana karatasi haikutazami. Nikija likizo nimeshazoea kukaa kimya, na ninyi ukimya wangu mkauita usomi. "Mwacheni," ulikuwa unawaambia watoto. "Kichwa chake kiko kwenye Kiingereza."

Kichwa changu kilikuwa kwenye woga, Mjomba. Hakuna zaidi.

Likizo ya Juni 2014 nikaja na Salma, rafiki yangu wa darasani, ambaye baba yake ana duka Kasulu mjini. Kwao kuna king'amuzi na makochi. Njia nzima nilikuwa nafikiria atakavyokiona kibanda chako, na wewe mwenyewe ukatukaribisha kwa shangwe, ukatutengea benchi la mbele, ukatangaza kwenye maiki: "Leo tuna wasomi wawili kutoka Kasulu! Misukule, jiheshimuni!"

Filamu ya siku ile ilikuwa ya harusi. Bibi harusi kafa kanisani, kafufuka, anawatafuna wageni mmoja mmoja kuanzia meza kuu. Nilitamani nizame chini. Salma pembeni yangu anacheka. Anacheka mpaka anajipiga mapaja, machozi yanamtoka, na kila anapocheka mimi nasikia anakucheka wewe: maiki yako yenye nailoni, Bwana Afya wako, suruali yako iliyopaukia magotini. Ndipo ikafika pale baba wa bwana harusi amelala chini, nusu ya shingo haipo, mawese yanamwagika, anamshika mwanawe kola na kumwambia maneno marefu kabla ya kukata roho. Na wewe ukainama, ukatoa sauti ya mzee anayekufa:

"Mwanangu... mwambie mama yako... muhogo ulioko juani auanue... mvua inakuja!"

Banda lilipasuka. Bibi wa mbele alishika mbavu. Salma alinishika bega akashindwa kusema. Na mimi, ambaye sijawahi kunyoosha mkono darasani hata kuomba kwenda chooni, nikasimama.

"Hajasema hivyo!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Watu wakageuka. Ukasimamisha picha. Hukukasirika, hata kidogo. Ulinitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri siku hiyo, ukaniuliza taratibu, "Amesemaje, mpwa wangu?"

Nikasema, "Amesema: mwanangu, usirudi tena katika nyumba hii, kwa maana uovu umetanda."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe Mtafsiri siku zote unatupiga kamba!" Mwingine akadakia: "Mpe maiki mtoto wa shule! Mpe yeye!" Na wewe ukaja, ukanipa maiki mkononi. Nikaishika. Nikasoma nyuso za watu, nikairudisha, nikatoka nje. Filamu iliendelea bila mtafsiri mpaka mwisho. Salma aliniambia baadaye kwamba watu walitoka mmoja mmoja.

Ungeishia kunikasirikia ningepona. Lakini wewe ulikwenda kuazima kamusi kwa mwalimu wa shule ya msingi. Gulio lililofuata nilikuona kwa macho yangu, nimejibanza mlangoni. Msukule anaongea, unasimamisha picha, unafungua kamusi, kidole kinatembea kwenye ukurasa, watu wanasubiri. Unawasha, neno jingine, unasimamisha. "Vumilieni," ulikuwa unasema, "leo tunakwenda na Kiingereza chenyewe." Bwana Afya hakuwepo tena. Misukule hawakutoka Kasanda wala popote. Kabla filamu haijafika katikati walibaki watu watano, na bibi wa mbele alikuwa amelala. Nilirudi shuleni. Mwezi wa nane mama akaniambia umefunga banda, umehamia kwa wakwe zako Makere kulima.

Juzi Jumapili Mama Neema alikuja kunitembelea shuleni na karanga za kuchemsha. Nikamuuliza habari zako huku naangalia chini.

"Yupo. Vijana wa kule wana tivii na deki, wamesikia sifa zake, wanamsumbua kila siku awatafsirie. Hataki. Anawaambia, mimi Kiingereza sikijui, ninaye mpwa wangu ndiye anajua. Aah, anavyokusifu! Anasema, mtoto yule alinisahihisha mbele ya banda zima, na sikuona aibu, ndiyo faida ya kusomesha."

Nikaendelea kumenya karanga bila kula hata moja, na Mama Neema akadhani nimeshiba.

Basi sikiliza, Mjomba, na walio hapo wasikilize. Sikusikia yule mzee alisema nini. Sikusikia hata neno moja. Wale watu wanaongea kwa puani, haraka, jenereta inanguruma, mimi Kiingereza nilichokuwa nacho ni cha ubaoni. Filamu zako zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, sikuwahi kuelewa wanachosema. Uliponiuliza amesemaje, nilitunga. "Uovu umetanda" nililitoa kichwani kwangu kwa sababu lilisikika kama kitu cha kusoma. Wewe ulitunga ili watu wacheke. Mimi nilitunga ili watu wakuache. Halafu wewe ndiye uliyeitwa mwongo, na ukaamini.

Na kuna jambo baya zaidi. Mwezi uliopita Salma alinialika kwao, akaweka filamu ile ile ya harusi, ya dukani kwa baba yake, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Ilipofika kwa mzee mwenye shingo nusu nikakaza macho. Maandishi yakatokea. Nikayasoma mara mbili. Yule mzee anamwambia mwanawe: mwambie mama yako nimesahau pasi kwenye umeme.

Salma akacheka kama alivyocheka siku ile. "Si ndiyo alichosema mjomba wako? Sema ninyi Kibondo mngesahau pasi ya umeme wapi, akaweka muhogo. Yule mzee ni fundi. Mimi nilicheka nusura nife." Kisha akanigeukia. "Wewe ulisema uovu umetanda. Uliutoa wapi?"

Kumbe Salma hakuwa anakucheka. Na kumbe wale Wazungu nao walikuwa wanataka kuchekwa; waya ule, mawese yale, sponji ile, walijua. Wewe ulilijua hilo umezima sauti, na uji mkononi. Mimi na madaftari yangu yote nilikaa miaka miwili mbele ya vichekesho nikisubiri vinitishe, visiponitisha navidharau.

Usidhani nimezipenda. Nimerudia kuangalia mbili kwa Salma, nikielewa maneno sasa, na bado ni takataka. Maneno yenyewe ndiyo mabaya kuliko damu. Yule kipa wa utumbo, kwa Kiingereza chake halisi, hana hata sentensi moja ya maana. Kinywani mwako alikuwa na mke, ana deni la mbuzi, ana refa aliyemwonea. Nilichokuwa nakitazama Kibondo hakikuwa kwenye ile CD.

Kamusi mrudishie mwalimu, kama hujairudisha. Vijana wa Makere wakija tena usinitaje. Mimi sijui, na hata ningejua, nimeshakuambia wanachosema: hakuna kitu. Chukua maiki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaruhusiwa kutoka, nimeshaomba. Nitakuja huko. Filamu itakuwa ya hovyo, hilo nalijua. Nitakaa na watu, na mtu akiniuliza anasemaje huyo, nitamwambia anyamaze amsikilize Mjomba.

Wako aliyekuaibisha kwa jambo asilolijua,
Mpwa wako wa Kasulu