Waya Walioufunga Kwenye Gesi

Newala,
Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku juu imenipa mafua. Ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne. Goti la mama linaendeleaje? Na kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la mkonge?

Baba, simu uliyonipigia wiki iliyopita ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema, "Tia sahihi, mwanangu, kazi hazipatikani." Neno hilo limeniuma, na nimeona nikuandikie, maana ulisikia upande wa meneja peke yake. Mtu mzima ana neno na fundi wake, anampigia baba yake simu kama mwalimu anayemshtaki mtoto wa shule!

Ilikuwa hivi. Kiwandani tunapika korosho kwa mvuke kabla akina mama hawajazibangua, na boila letu linatumia gesi ya mitungi. Tangu mwezi uliopita lilikuwa likiwaka kidogo kisha linajizima. Nikalifungua, nikakuta kitambuzi cha moto, ile fimbo nyembamba inayokaa ndani ya mwali, kauri yake imepasuka. Nikakisafisha masizi, nikakaza waya wa ardhini uliolegea, nikamwambia meneja tuagize kingine. Akasema ningoje. Nikamwambia tena. Mara ya tatu nikamwandikia barua, na nakala ninayo.

Siku niliyokwenda Masasi kununua gasketi za kuziba mvuke, aliita fundi wa umeme wa majumbani. Yule bwana akachomoa waya wa valvu ya gesi kutoka kwenye kisanduku cha kuwashia, akaufunga moja kwa moja kwenye swichi. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini mama akisomewa barua hii naye aelewe: kisanduku hicho hungoja kwanza feni ipulize na kufukuza gesi iliyobaki ndani, ndipo kinatoa cheche na kufungua gesi, na moto usipoonekana kinaifunga papo hapo. Ukikiruka, gesi inamwagika tu, moto uwepo usiwepo.

Kisha wakamwambia Selemani, msaidizi wangu, awashe. Cheche ya kwanza haikushika. Gesi ikaendelea kujaa. Akabonyeza tena. Mlango wa mbele wa boila ukang'oka na moto ukamrudia: mkono wote wa kulia, shingo, na nyusi hana tena. Watu walikimbilia getini. Mama Somoe, msimamizi wa wabanguaji, ndiye aliyekwenda kufunga mitungi, kisha akammwagia Selemani maji ya pipa mpaka gari likaja. Alimaliza pipa zima, na huku maji yanavyotafutwa!

Niliporudi, ule waya ulikuwa umeshaondolewa, ila mikwaruzo mipya kwenye skrubu za swichi ilinionyesha ulikofungwa. Meneja akaniita ofisini. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: Selemani aliwasha kwa uzembe, akakiuka maelekezo ya fundi wake, yaani mimi. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Nikamuuliza waya uko wapi.

"Waya gani?" akasema. "Wewe hukuwepo. Tia sahihi."

"Sikuwepo, lakini nilikuandikia barua."

Akasema wasichana wa siku hizi wakisoma kidogo wanapoteza adabu, na kwamba atazungumza na wazazi wangu. Ndiyo hiyo simu uliyopokea.

Baba, wewe umekaa mbele ya boila la mkonge mpaka ukastaafu. Ungeweka jina lako chini ya karatasi ile? Usinijibu haraka.

Nilikwenda hospitali. Selemani kafungwa bandeji hadi begani, ananiambia, "Dada, labda nilibonyeza vibaya." Mtu aliyeunguzwa ndiye anayeomba radhi! Nilimweleza walichokifanya. Akageukia ukutani, akalia kimya kimya. Hapo hasira ilinipanda.

Kesho yake Mama Somoe akanijia na kufungua pindo la khanga yake. Waya ulikuwemo, ncha moja imeungua. Aliuokota jalalani. Akasema, "Mimi umeme siujui, lakini kitu kinachofichwa mbio hivyo kina mwenyewe."

Nikapanda basi la kupitia Tandahimba mpaka Mtwara, nikampelekea mkaguzi wa usalama kazini waya ule na nakala ya barua yangu. Baada ya siku mbili alikuja mwenyewe, akalifunga boila kwa lakiri. Kitambuzi kilichokosekana mwezi mzima kikapatikana kwa siku tatu.

Nimekifunga kwa mkono wangu. Nimefunga waya mpya wa valvu kwenye kisanduku, nimepaka povu la sabuni kila kiungo kuona kama gesi inavuja, nimeiacha feni ipulize, ndipo nikawasha. Moto ulipokolea, mkaguzi akiangalia, nikachomoa waya wa kitambuzi kusudi. Gesi ikajifunga pale pale. Mama Somoe akauliza mbona ninazima kitu tulichokitafuta kwa taabu namna hii. Nikamwambia boila lisilojua kujizima halifai kuwashwa.

Tiba ya Selemani wanailipia, lakini daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Meneja bado yupo kitini. Haitikii salamu yangu, nami sijaacha kumsalimu. Nimeshadokezwa kwamba msimu ukiisha na mkataba wangu umeisha. Si kwamba siogopi, baba. Naogopa. Lakini karatasi ile sikuitia sahihi.

Nisalimie mama, na kaka Hamza dereva, apunguze mwendo. Shangazi Mwanaidi mwambie gauni alilonishonea ndilo nililolivaa kwenda Mtwara.

Naishia hapa. Leo ni zamu yangu kumpelekea Selemani chakula hospitali, maana mkewe amerudi Mnyambe kuangalia watoto. Anaona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, basi nikifika huwa tunafunga mlango wa chumba chake kwanza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura