Kiti cha Kinyozi na Mtu wa Simu

4 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi sijambo. Mafua yalinishika, yakachoka nami, yakaondoka. Nimehama chumba tena, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Usicheke. Kile cha kwanza kilikuwa juu ya duka la samaki, na cha pili mwenye nyumba alikuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta. Hiki kina dirisha, na si mbali na hospitali ninakofua mashuka.

Barua yako imeniweka roho juu. Ukurasa mzima wa mvua, halafu chini kabisa, kama mtu aliyekwisha shika kitasa cha mlango, unasema, "Nimepeleka kioo cha mama yako mnadani." Kioo kile cha saluni? Kama pesa imekata, sema. Najibana kuweka nauli ya kuja Julai, lakini nauli inaweza kungoja. Kumzika Mama sikuja, karatasi za huku ugenini zilinikwamisha, unajua. Sasa nije nisikute hata kioo chake?

Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe hujui neno jingine zaidi ya "salama".

Mwanao,
Kiherehere

21 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Magoti yapo, na kila asubuhi yananikumbusha kwamba yapo. Pole kwa mafua, hongera kwa dirisha.

Pesa haijakata. Pensheni ya posta inamtosha mtu mmoja asiyekula sana. Na kioo hakikuuzwa. Pale mnadani mwenye mali anataja bei ya chini kabisa, na wanunuzi wasipoifikia anarudishiwa kitu chake. Mimi nilitaja bei ambayo waliposikia walicheka. Nikarudi na kioo changu kwenye mkokoteni, na sasa hivi kipo ukutani kinanitazama.

Lakini ungekuwepo! Ukumbi umejaa, watu wamevaa wakavalika. Kabla ya kuuza, Dalali anaeleza kitu kimetoka wapi, na wote wananyamaza. Akasema, "Kioo hiki kilikuwa cha kinyozi mwanamke, wa kwanza mtaani kwake, aliyerithi kazi kwa baba yake." Akauliza kama mwenye mali yupo. Nikasimama, nikaongeza mawili matatu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akageuka akaniuliza, "Alikuwa na mkono mwepesi?" Nikamwambia, mama, huyo alikuwa anakunyoa huku unaota ndoto.

Mwezi ujao napeleka beseni. Aprili, Mungu akipenda, kiti.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo, na salamu ziishie hapo maana nimekasirika.

Kiti? Kiti kile cha chuma chenye mikono ya kauri, cha kukanyaga kikapanda? Mama alikuwa akinizungusha pale mpaka natapika, kisha ananiambia nifute mwenyewe. Baba, kama hutaki kuuza, unapeleka cha nini? Na kama unataka kuuza, mbona bei ya kuchekwa? Wale wachuuzi wa vitu vya kale si wajinga, wanakusoma. Mchezea tope humrukia.

Na jambo jingine. Nimekuuliza kwenye barua sijui ngapi, siku zake za mwisho Mama alisemaje. Unanijibu habari za mvua. Nikiwa natandaza mashuka ya watu wengine namfikiria yeye alilala kwenye shuka gani, nani alimgeuza. Usiku nalala kwa mafungu. Watu wa ukumbi mzima wanasimuliwa habari za mama yangu, mimi naambiwa bomba la maji limepasuka.

Kiti kikae. Nimekuomba hilo tu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nimesikia hasira yako, imefika kabla ya bahasha kufunguliwa.

Hayo unayoyauliza hayaandikiki. Nakaa na kalamu, inagoma. Kwenye simu maneno yananipotea, nasikia kelele tu. Na humu ndani siwezi kukaa kitako. Naamka, naingia chumba hiki, natoka, naingia kile, ungesema nimepoteza ufunguo. Nachemsha chai, naisahau, nachemsha nyingine. Majirani walilia nami vizuri, sikatai, lakini sasa wakinikuta njiani wananiuliza mvua. Hakuna anayemtaja tena. Wanaogopa kunitonesha. Pale mnadani hawaniogopi, wananiuliza habari zake, nami najibu. Basi, nimekwambia.

Kiti kitakwenda Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, na siku hiyo hiyo kitarudi. Bei niliyotaja hata mwendawazimu hatoi. Nakuwekea humu kikaratasi cha mnada chenye picha, uone walivyokipiga picha kikapendeza.

Baba yako

28 Aprili

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Kiti kimekwenda.

Nilikuwa nimesimama naongea. Siku hiyo nilifunguka, sijui nini kiliniingia. Mchuuzi mmoja wa miwani alitaja bei ndogo, nami sikushtuka, kwa sababu kila mnada huwa anataja bei ndogo. Mtu mwingine alikuwa kwenye simu. Pale pembeni kuna binti anayeshika simu kwa niaba ya wanunuzi wa mbali, na kila Miwani akipandisha, yule binti anainua mkono. Dalali ananipa nafasi, naongeza neno, Miwani anapandisha, mkono unainuka, naongeza neno. Nikadhani wananisikiliza! Mzee mzima nimejisahau hivyo. Nilikuwa katikati ya sentensi nyundo ikagonga. Dalali akaja kunipa mkono, eti nimefanya biashara.

Nikamwambia sitaki, nirudishieni kitu changu. Akanionyesha sahihi yangu. Bei ilifika, kanuni ni kanuni, nyundo ikigonga imegonga. Nikamuuliza huyo mtu wa simu ni nani, nikamwombe. Hawasemi. Miwani peke yake asingefika hata nusu. Huyo mtu wa simu, popote alipo, namwombea mba wa kichwani usiosikia dawa.

Kiti bado kiko ghalani kwao, kinangoja mwenyewe. Nyumbani kimeacha alama nne sakafuni, nami nazizunguka nikipita. Uliniambia kikae. Nilikuona mtoto.

Baba yako

9 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Keti kwanza.

Mtu wa simu ni mimi.

Namba niliipata kwenye kile kikaratasi. Nilipiga kuuliza tu kama kitarudi salama. Yule dada akaniambia laini ya siku ya mnada ni ya wanunuzi, wasikilizaji hawana nafasi. Nikamwambia basi mimi ni mnunuzi. Nilitaka kusikia ukumbi ambao baba yangu anaongea. Nikajifungia kwenye stoo ya mashuka, nikaweka simu sikioni, nikasikia sauti yako.

Baba, sikuwahi kusikia sauti hiyo. Ulikuwa ukiwasimulia ulivyonyolewa mara nne kwa mwezi mmoja, mpaka kazini wakadhani una chawa. Na mara ya tano Mama akaweka mkasi chini akakwambia, "Kaka, hapa hakuna tena cha kukata, sema shida yako." Ukumbi ukacheka. Mimi nikalia kwa kucheka. Miaka yote hii mliniambia mlikutana posta!

Yule dada akasema, "Bwana yule amepandisha, unaendelea au nikate?" Nikasikia "nikate" tu. Nikasema naendelea. Ukaendelea na wewe. Ukasema alivyokuwa hawezi tena kulala chali, ukamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, ukakanyaga mpaka akaona barabara. "Unaendelea?" Naendelea. Ukasema ulimchana nywele mwenyewe, na alivyokukosoa. "Unaendelea?" Naendelea, naendelea. Sikuwa nasikiliza bei, Baba. Nilikuwa nanunua dakika.

Halafu ukasema, "Na siku ile ya mwisho akanigeukia, akaniambia..." na kitu kikagonga. Yule dada akanipongeza, akakata.

Nimelipa. Nauli yote ya Julai imekwenda, na nimekopa kidogo juu yake. Siwezi kuja. Kiti kipo, mimi sipo, na hata alichosema Mama sikukisikia. Hiki ndicho kiherehere chenyewe. Nisamehe. Na kichwa kinaniwasha tangu nilipoisoma barua yako.

Mwanao

13 Julai

Baba,

Shikamoo. Miezi miwili kimya. Nimepiga simu, inaita tu. Umekasirika? Unaumwa? Hata kama ni "salama" moja, niandikie. Kila nikirudi kazini naangalia sanduku la barua, kisha nashuka kuangalia tena. Mwenye nyumba kaniuliza kama nangoja mchumba.

Mwanao

20 Agosti

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba zote ulizokuwa ukinidai.

Siumwi, na hasira ilikwisha kwenye sentensi yako ya pili. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikalia, nacho si kitu cha kuficha. Nilikuwa natembea nchi nzima kutafuta watu wa kunisikiliza, kumbe aliyetaka kunisikiliza analipa.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa mbioni. Nilikwenda mnadani kuomba wakurudishie pesa zako, wakakataa. Wakanipa mimi mwenye kuuza, wamekata kamisheni yao. Nikakaa nazo mezani, nauli yako nzima iko mbele yangu. Niliwaza kukutumia. Nikajijua: nikizituma utaweka akiba, utapanga Julai nyingine, na mimi nitaendelea kukuandikia mvua.

Ghalani niliwaonyesha barua yako, na kiti nimekirudisha dirishani. Sikikalii, ni mali ya mtu. Ufunguo wa nyumba ninao mfukoni na jirani ana wa pili.

Ubalozini nimesimama kwenye foleni mara sita. Alichosema mama yako siku ile kilikuwa chako, si cha ukumbi, na nashukuru nyundo ilinizuia. Sikiandiki hapa. Afisa alitazama karatasi zangu, akatazama umri wangu, akaniuliza nakwenda kwako kufanya nini. Nikamwambia, kuongea na binti yangu. Akauliza, "Kuongea tu?" Nikamwambia ndiyo, kuongea tu.

Natua kwako Jumanne ya tarehe tisa Septemba, asubuhi.

Baba yako