Mbuzi Aliyeolewa Ukurasa wa Tisa

Nkwabi,

Mwangaluka. Usiitike, utawatisha wajukuu.

Ni mimi Masanja, uliyekuwa ukiniita bosi kwa sababu mimi niliishia darasa la nne na wewe la tatu. Tangu tukuzike, Tinde iko vilevile, ila jembe lako amelichukua mkweo na hajalima nalo hata tuta moja. Mkeo Mama Shija ameanza kunenepa. Nadhani ni usingizi. Miaka yote hiyo amelala na mtu anayekoroma kama mashine ya kukoboa mpunga, sasa mwache apumzike.

Lakini siyo hayo yaliyonishikisha kalamu. Nimechefuka, na niliyezoea kumtapikia ni wewe.

Kile kitabu cha mbuzi unakikumbuka. Upepo uliezua paa la shule, mvua ikalowesha vitabu vya hadithi, mwalimu akavitupa nje. Ukaokota viwili vilivyobaki na kurasa, ukazianika pamoja na karanga zako, kisha ukatoa ile sindano ya magunia uliyotoka nayo kiwanda cha pamba. Karatasi ukanipa mimi. "Bosi, zipange, wewe ndiye msomi." Nikapanga. Na elimu yangu yote nilifuata namba tu. Moja mpaka nane zilikuwa za mbuzi aliyetoroka mnadani. Tisa mpaka kumi na sita zilikuwa za harusi ya binti wa fundi cherehani. Ukashona kwa uzi wa gunia, kikawa kigumu kama katambuga ya tairi.

Watoto ndio waliogundua. Mbuzi anakimbia, anaruka uzio, unafungua ukurasa wa tisa, amevaa shela. Walicheka mpaka wakagaragara. Ukaniuliza, "Masanja, wanacheka nini hawa?" Nikasema watoto wa siku hizi wanacheka hovyo. Nilikuwa nakutafutia siku nzuri ya kukuambia ukweli, tuchekane vizuri. Ukaniwahi.

Kila mtoto wa shule ile amejifunzia kusoma humo, maana vitabu vipya vinakaa vimefungwa.

Sasa mwezi huu wa nne ikaja siku ya vitabu vya watoto duniani, na shule iliyopewa sherehe ni yetu. Turubai, viti vimevalishwa vitambaa, spika zinakohoa. Watoto wakasimamishwa juani tangu asubuhi, kila mmoja na kitabu kipya ndani ya nailoni. Wasifungue, vitachafuka. "Inueni juu, majalada yaonekane." Wakainua, wakapigwa picha kwamba wanapenda kusoma, vitabu vikarudi kwenye maboksi. Nkwabi, nilipokuwa nachimba Geita niliona watu wakifua suruali kwenye maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, kisha wakayachotea chai. Nilikunywa ile chai. Haikunichefua kama hii.

Mgeni rasmi akataka mtoto asome. Akaitwa Kabula, mjukuu wa dada yako, akapewa kitabu cha mbuzi, kipya, kimevuliwa nailoni kwa heshima ya mgeni. Alisoma vizuri mpaka wa nane. Akafungua wa tisa, akarudi wa nane, akafungua tena.

"Mwalimu, hiki kimekosewa. Hapa mbuzi anatakiwa aolewe."

Na watoto wote, pale juani, wakautamka ukurasa wako wa tisa kwa kichwa, neno kwa neno. Mgeni akauliza wameyatoa wapi. Kabula, kwa kuwa hajui uongo, akakitoa kile chako ndani ya sweta.

Yule bwana alikishika kwa vidole viwili, kama amepewa panya mfu. "Mpumbavu gani ameshona hiki?"

Mwalimu mkuu akajibu, "Ni mzee mmoja, marehemu sasa. Hakusoma."

Wakacheka chini ya turubai. Mgeni akafuta vidole kwa leso. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nina soda yao mkononi, na mwenye kosa ni mimi. Nilikunywa. Ilikuwa ya machungwa, Nkwabi, na niliimaliza.

Kitabu kikatupwa shimo la taka pamoja na mabaki ya pilau. Magari yao yalipoondoka nikaingia shimoni na koti langu la kanisani. Ungeniona ungekufa mara ya pili. Nilipoinua kichwa, Kabula kasimama ukingoni.

"Shikamoo guku, babu. Kipo?"

Kipo. Uzi wako haukukatika hata mmoja. Nikamwambia palepale, mguu mmoja ndani ya wali, kwamba aliyekosea ni mimi, babu yake alishona tu alichopewa. Akasema, "Basi usije ukakirekebisha."

Juzi mwalimu mkuu, aliposikia kitabu ninacho, kaniletea fotokopi za kurasa za mbuzi zilizokosekana. "Mzee, hebu kishone sawasawa." Nimemshukuru sana. Nimezifungia ugoro.

Kwaheri, ndugu yangu. Nimekipangusa mara tatu na bado kinanuka bizari, kwa hiyo ukisikia harufu ya pilau huko usidhani umealikwa. Kulala lala, lakini koroma taratibu, una majirani.

Jumatatu kuna kikao cha wazazi. Nakuahidi nitasimama mbele ya mwalimu mkuu, nikisome chote kwa sauti, na nitaanza na jalada. Nimeliandika leo kwa wino, kwa herufi zangu hizi za kilevi:

Kimeshonwa na Nkwabi, fundi. Kurasa zimepangwa na Masanja, mpumbavu.